Namba Saba Yasalimia Hadi Kuku

Haya si ya zamani wala ya kale. Ni ya juzijuzi, na matope yake bado hayajakauka. Jina la nchi yetu sitalitaja, kwa sababu kulitaja kunahitaji kibali, na ofisi ya vibali imefungwa ikisubiri kibali cha kufunguliwa. Itoshe kusema kwamba nchi nyingine zina wizara za maji, za afya na za barabara. Sisi pia tunazo, lakini juu ya zote hizo tunayo Wizara ya Majibu, ambayo kazi yake ni kuwajibu wananchi wanapouliza habari za hizo nyingine.

Mimi ni Karani Mwandamizi wa Shangwe katika wizara hiyo. Napiga makofi kwa wakati unaofaa, kisha naandika kumbukumbu za makofi hayo. Ni kazi nzito kuliko watu wanavyodhani, maana ukipiga mapema unaonekana mnafiki, na ukichelewa unaonekana mpinzani.

Mashine zote za serikali yetu, kuanzia mizani ya pamba hadi milango ya Bwawa la Shukrani, zinaendeshwa na programu iitwayo Kibuyu. Kibuyu ni programu huria. Imeandikwa na watu wa kujitolea wa nchi mbalimbali, wasiojuana hata kwa sura, na mtu yeyote anaruhusiwa kuisoma, kuitumia na kupendekeza marekebisho bila kulipa chochote. Serikali yetu iliipata bure, baada ya zabuni ndefu.

Ndani ya Kibuyu mna vipande vingi vidogo, ambavyo wataalamu huviita funksheni. Funksheni ni kama mtoto unayemtuma. Unamwambia, nenda kafungue mlango wa bwawa. Anakwenda, anarudi, na akirudi hasemi neno, anakupa namba tu. Akikupa sifuri, amefanya ulichomtuma. Akikupa namba nyingine yoyote, ameshindwa, na kila namba ina sababu yake. Shida ni kwamba sababu zenyewe hazikuwa zimeandikwa popote. Watu wa kujitolea ni kama majirani kwenye harusi: kupika wanagombania, kuosha masufuria hawaonekani. Funksheni waliziandika kwa mamia, maelezo ya namba zake wakamwachia atakayekuja.

Aliyekuja ni Mwajabu.

Wizara ilimwajiri asome Kibuyu chote, kisha aandike kila namba ina maana gani. Alikuwa mwanamke mtulivu, mzaliwa wa Matetini, bonde lililo chini kabisa ya Bwawa la Shukrani, na mama yake mzazi, Bi Kidawa, alikuwa anaishi huko bado. Kasoro yake Mwajabu ilikuwa moja tu: ukimuuliza swali, alikujibu.

Alipofika kwenye funksheni ya kufungua milango ya bwawa aliandika hivi: Sifuri, milango imefunguka. Saba, milango imekwama, maji yanapanda, watu wa Matetini waondoke mara moja. Kisha akakaa akiitazama ile saba kwa muda, na chai yake ikapoa.

Msidhani maneno hayo yangebaki kabatini. Wizara ilikuwa imefunga vipaza sauti bonde zima ili wananchi wasikie mafanikio yao. Mashine ikirudisha namba, vipaza sauti husoma maelezo ya namba hiyo kama yalivyoandikwa, bila kuongeza wala kupunguza.

*

Mheshimiwa Dakta Kondo Mlasifa, Waziri wetu wa Majibu, alisoma maelezo hayo kwa bahati mbaya. Alikuwa anatafuta hotuba yake. Siku hiyohiyo akatuita ukumbini, uso umemvimba.

"Imeshindwa," akasoma. "Imekwama. Haikupatikana. Imekataliwa. Hiki ni kitabu cha maelezo au ni gazeti la wapinzani?"

Tulicheka. Niliandika: kicheko, cha kutosha.

"Halafu sifuri! Eti mashine ya serikali ikifaulu inapata sifuri. Mwanangu akileta sifuri nyumbani, siku hiyo hali chakula."

"Sifuri maana yake hakuna kosa, Mheshimiwa," Mwajabu akasema.

Mheshimiwa akafikiri. Alikubali sifuri ibaki, kwa sharti kwamba iandikwe kwa herufi za dhahabu. Kisha akainuka, akashika ukosi wa koti, nasi tukajua kwamba hotuba imepatikana.

"Mtu wa nchi hii ukimuuliza habari, anajibu nini?"

"Nzuri!" tukasema sote.

"Hata akiwa anaumwa?"

"Nzuri!"

"Hata paa la nyumba yake likiwa linaungua?"

"Nzuri!"

"Basi kwa nini mashine, inayokula umeme wa serikali, ijibu kama haikulelewa? Kuanzia leo kila namba ianze na nzuri."

Nilitazamia Mwajabu abishe. Hakubisha. Alisema, "Hata kwetu ndivyo, Mheshimiwa. Kwanza nzuri, halafu ila." Akarudi mezani kwake, akaandika upya: Nzuri, ila milango imekwama. Nzuri, ila dawa imeisha. Nzuri, ila treni bado iko karakana.

Na lazima niseme kweli, mambo yalikwenda vizuri. Stesheni ikitangaza, "Nzuri, ila treni bado iko karakana," abiria walibeba mizigo yao wakarudi nyumbani bila chuki. Katika nchi yetu hakuna anayesikiliza ile nzuri. Watu hutega masikio wakiingoja ila.

*

Balaa lilikuja na wageni. Ujumbe wa nchi rafiki ulifika kujifunza adabu za mashine zetu, na Mheshimiwa akaamuru mashine iwachapie wageni hati ya urafiki wa kudumu. Mashine ikanguruma, ikatoa karatasi nyeupe, na kipaza sauti cha ukumbini kikasema kwa sauti tamu, "Nzuri, ila wino hakuna."

Wageni walipiga makofi wakidhani ndiyo hati yenyewe. Mheshimiwa hakupiga.

Kesho yake alihutubia taifa. "Ndugu wananchi," alisema, "nimechunguza matatizo yote ya nchi hii tangu uhuru, na nimegundua kwamba yote huanza baada ya neno ila. Kabla ya ila, nchi ilikuwa nzuri. Adui yetu tumemjua!"

Ila ikafutwa, pamoja na kila kilichoifuata. Kibuyu kizima, namba zote, kikabaki na jibu moja: Nzuri. Matokeo yalionekana papo hapo. Hospitali kuu ikapona, maana mashine ya eksirei ilimwambia kila mgonjwa nzuri, hata yule aliyebebwa na mguu ukining'inia. Kwenye stesheni abiria walikaa wakisubiri kwa matumaini, na kwa habari nilizonazo wapo bado. Wizara ikatangaza kwamba hakuna mashine hata moja iliyoshindwa kazi nchini. Ikapangwa Siku ya Taifa ya Majibu Mema, na Mheshimiwa akaamua ifanyike Matetini, kwenye nyumba mpya aliyojijengea ukingoni mwa mto kwa kuwa vipaza sauti vilimhakikishia kwamba hali ya bwawa ni nzuri.

Mwajabu alikwenda kumwona ofisini. Nilikuwepo, kwa ajili ya makofi.

"Shikamoo, Mheshimiwa."

"Marahaba. Sema."

"Nimekuja kuiombea namba saba. Niachie ila hiyo moja tu. Milango ya bwawa haijatiwa grisi, vuli inakuja, na mama yangu yuko pale chini."

"Grisi ipo. Niliizindua mimi mwenyewe."

"Makopo bado yako jukwaani, Mheshimiwa. Yana utepe."

Mheshimiwa akamtazama kwa huruma ya kiongozi. "Mama yako ana kipaza sauti karibu?"

"Kipo kwenye nguzo, uani kwake."

"Basi atasikia kwamba hali ni nzuri. Mama gani asiyependa kusikia hivyo?"

Nilipiga makofi. Mwajabu alinigeukia akanitazama, na sijui kwa nini nilisimamisha mikono kabla ya wakati wake.

*

Jumamosi iliyofuata Mwajabu alikwenda Matetini kumsihi mama yake ahame. Wizara ilinituma nimsindikize, maana mtu anayejua maana ya namba zote hafai kutembea peke yake.

Bi Kidawa alikuwa uani anasuka jamvi la matete, kuku wakimzunguka. Alitukaribisha, akatupa wali na samaki wa mtoni. Uani kipaza sauti kilisema "Nzuri," kikanyamaza.

"Mama, nakuomba uhamie kwa Bi Siwema kule kilimani. Vuli hii tu."

"Nihame kwa lipi? Hicho kinasema nzuri kila siku."

"Kinasema uongo, mama."

"Na anayekiandikia ni nani?"

Mwajabu akainamisha kichwa. Mimi nilijishughulisha na mwiba wa samaki, kwa kuwa maneno hayo yaliniuma, ingawa si kazi yangu kuumwa.

Baadaye, kama mtu anayebadilisha mazungumzo, akauliza, "Mama, siku ile ya baba ulijuaje? Aliyetumwa kukuambia, unasema hakuwahi kukuambia."

Bi Kidawa aliweka jamvi chini. Mumewe aliangukiwa na jiwe wakati wa kujenga Bwawa la Shukrani, na serikali ilimshukuru.

"Hakuwahi," akasema. "Alibisha hodi, akanisalimia. Hujambo, watoto hawajambo, habari za shamba, majirani wazima? Nikasema, huyu anataka kukopa. Akaulizia mbuzi. Alipofika kwenye kuku, nikakaa chini papa hapa. Mtu mzima haulizii kuku bure. Salamu ikifika kwenye kuku, kuna msiba."

"Na watu wote wa huku wanajua hivyo?"

"Nani asiyejua? Labda watu wa mjini, wanaosalimiwa na kila mwenye shida hadi paka wao."

Mwajabu aliacha kula. Katika ripoti yangu niliandika kwamba mama na binti walizungumza ufugaji.

*

Wiki ile Mwajabu akaomba kufika mbele ya Kamati ya Taifa ya Adabu za Majibu. Akasema kwamba neno moja tu, nzuri, linaonyesha ubahili. Anayejibu neno moja akanyamaza ana tofauti gani na mtu mwenye kiburi? Mashine za taifa kubwa zinapaswa kusalimia kwa ukamilifu. Akapendekeza kuanza na namba saba, kwa heshima ya Bwawa la Shukrani, nayo ipewe salamu ndefu kuliko zote.

Mheshimiwa karibu alie. "Mnaona?" akawaambia wajumbe. "Huyu ndiye yule aliyekuwa akiandika imekwama. Sasa amekomaa."

Profesa mmoja, mjumbe wa kamati, akasoma rasimu akakunja uso. "Mbuzi nakubali. Lakini kuku? Kuku wana hadhi ya kutajwa na serikali?"

"Watu wa bonde ni wafugaji, Profesa," Mwajabu akasema kwa upole. "Wakisikia serikali imewakumbuka kuku wao, watainuka wote kwa pamoja."

"Wainuke!" akasema Mheshimiwa, akapitisha. Namba nyingine zikaachwa na nzuri yake mpaka kikao kijacho.

Kwa kuwa Kibuyu ni cha watu wote, maelezo mapya yalionekana dunia nzima. Bwana mmoja wa nchi ya baridi, mwenye kiwanda cha jibini ambacho matangi yake hufunguliwa kwa funksheni hiyohiyo, akauliza kwenye jukwaa la Kibuyu kwa nini namba saba inamuulizia kuku, naye hana hata mmoja. Niliagizwa nimjibu. Niliandika: Ni utamaduni. Bwana yule aliomba radhi, na wenzake wakamlaumu kwa kutotuheshimu.

*

Vuli haikuomba kibali. Ilinyesha mpaka mto ukabadilika rangi. Siku ya Majibu Mema ilipofika mvua ilikuwa imepumzika kidogo, maturubai yamesimama mbele ya nyumba mpya ya Mheshimiwa, na pilau inanukia hadi kwenye televisheni. Mimi na Mwajabu tulibaki zamu ofisini, tukitazama matangazo.

Asubuhi ile Mheshimiwa aliamuru milango ya bwawa ifunguliwe kidogo, ili wageni waone maji yakiruka kwa furaha. Funksheni ikatumwa. Ikarudi na saba. Mwajabu aliweka kikombe chini, akachukua simu yake.

Bonde zima likaanza kusalimiwa.

"Hamjambo, wakazi wa Matetini? Hamjambo nyote? Habari za tangu jana? Watoto hawajambo? Wazee wanaendeleaje?"

"Nzuri!" akajibu Mheshimiwa, mkono kifuani, na kamati ikapiga makofi. Makofi mazuri sana, niliyaandika.

"Habari za shamba? Majirani wazima?"

Mpishi mmoja alisimama, upawa ukibaki hewani.

"Mbuzi je, wanakula vizuri?"

Wapiga ngoma wakaacha kupiga. Mheshimiwa alidhani ni nidhamu.

"Na kuku? Kuku wenu nao hawajambo?"

Mpishi akaweka upawa chini, akafunga kanga kiunoni, akaondoka. Akafuata wa pili. Wapiga ngoma wakabeba ngoma zao kichwani. Wazee, watoto, waliokuja kucheza na waliokuja kula, wote waliinuka kwa pamoja kama Mwajabu alivyoahidi, wakashika njia ya kilimani bila kelele. Mpiga picha wa televisheni ya taifa, ambaye kumbe bibi yake ni wa Matetini, aliiacha kamera imesimama peke yake. Kwa hiyo taifa zima lilibaki likitazama viti vitupu, na mbele ya viti Mheshimiwa na kamati yake wakiendelea kushangilia salamu.

Mwajabu alikuwa anapiga simu kwa mama yake. Iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Kwenye televisheni maji ya kwanza yalipita chini ya viti, ya rangi ya chai. Akapiga tena. Mimi nimezoea kuona hisia za kupangwa, na sikuwa najua pa kuweka macho.

Kisha simu ikaita yenyewe. Bi Kidawa hakusalimia kabisa.

"Niko kwa Siwema," akasema. "Na kuku wangu ninao, kapuni."

Mwajabu aliweka simu kifuani, akalia, kisha akacheka, kisha akalia tena. Sikuandika lolote.

*

Simu ya Wizara nayo ikalia. Alikuwa Mheshimiwa.

"Karani! Niko juu ya paa!"

"Shikamoo, Mheshimiwa."

"Acha shikamoo! Lete boti ya uokoaji!"

Nilifuata utaratibu. Nikabonyeza, funksheni ya boti ikaenda, ikarudi na nne. Nikafungua maelezo rasmi, nikatafuta nne, nikarudi kwenye simu.

"Nzuri, Mheshimiwa."

"Nzuri vipi? Boti inakuja?"

"Maelezo yanasema nzuri."

 Nilisikia maji, na nyuma yake Profesa akidai kwamba sehemu ya juu ya paa ni ya wajumbe wa kudumu. Kisha Mheshimiwa akauliza, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwenye hotuba:

"Nzuri, ila nini?"

Nilimkumbusha kwa unyenyekevu kwamba, kwa agizo lake mwenyewe, nzuri haina ila.

Mwajabu alikuwa amesimama nyuma yangu. "Nne ni boti haina injini," akasema. "Injini iko kwenye maonyesho." Akachukua simu yake, akampigia mama yake. "Mama, wapo watu wamebaki juu ya paa."

"Akina nani?"

"Mheshimiwa na wenzake."

 Wakati huo redio ya Bi Siwema ilikuwa inasikika nyuma ya Bi Kidawa: Mkuu wa Nchi amempumzisha Mheshimiwa Dakta Mlasifa kutoka wadhifa wake, ili apate nafasi ya kutosha ya kufurahia nyumba yake mpya.

"Mtumbwi wa kukatia matete unabeba wawili wawili," akasema Bi Kidawa. "Wangoje."

Mheshimiwa hakukata simu, na mimi sina mamlaka ya kumkatia mkubwa, kwa hiyo nilisikia yote. Nilisikia mtumbwi ukigonga ukuta.

"Hodi," akasema Bi Kidawa.

"Karibu, mama! Karibu sana!"

"Hujambo, Mheshimiwa?"

"Sijambo, mama!"

"Habari za tangu asubuhi? Mama watoto hajambo? Na watoto?"

"Wazima, wazima wote!" Alikuwa anacheka kwa faraja.

"Habari za shamba? Majirani hapo juu hawajambo?"

"Hawajambo," akasema, na safari hii hakucheka; nadhani alikumbuka salamu za asubuhi zilivyoishia.

"Mbuzi je?"

"Sina mbuzi, mama."

"Na kuku?" akauliza Bi Kidawa kwa adabu zake zote. "Kuku nao hawajambo?"

Nilisikia bati likilia kwa uzito wa mtu anayekaa chini.